Mnywa Sere, hongo na ada za shule binafsi

Wadau, tangu Uingereza ianze kutoza VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi, Januari 1, 2025, nimeshasikia vijiweni swali hili zaidi ya mara moja: na sisi je? Hapa Bongo, Sheria ya VAT ya mwaka 2014 iliweka huduma za elimu kwenye orodha ya misamaha. Wapo wanaouona msamaha huo ni zawadi kwa wenye nazo. Wapo wanaosema mzazi anayelipa ada ameshaipunguzia serikali mzigo, iweje atozwe tena?

Wengi wanadhani huu ni mjadala wa kuazima kutoka London. Mimi nasema Tabora waliujua zamani, tena kwa kumwaga damu.

Turudi kwenye njia ya misafara, ile ya Bagamoyo, Ugogo, Tabora hadi Ujiji. Msafara ulipoingia nchi ya mtemi ulilipa hongo: nguo, shanga, nyaya. Siku hizi ukitaja hongo mtu anamfikiria trafiki barabarani, lakini wakati ule ilikuwa ni ushuru wa njia, unajulikana na unajadiliwa. Ugogo, ambako maji ni shida, aliyelipa alipata kuchota kisimani, kununua chakula na kupita salama. Na wazee wale walikuwa wakiukagua msafara kwanza. Mwenye mizigo mingi hakulipa sawa na mwenye michache.

Sasa Unyanyembe. Mtemi Fundikira alikuwa amewaacha wafanyabiashara Waarabu wa Tabora bila kuwatoza. Alipofariki mwaka 1858 akatawala Mnywa Sere, naye akaweka ushuru kwenye bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Waarabu wakagoma. Badala ya kulipa wakaona rahisi kumbadilisha mtemi: wakamfukuza Mnywa Sere na kumweka Mkasiwa. Speke alikutana na Mnywa Sere mwaka 1861 akiwa mkimbizi anayepigana, anatafuta wa kumpatanisha. Hakufanikiwa, na mwaka 1865 akauawa. Mwaka 1871 Mirambo naye akagombana na Waarabu hao hao, akaifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azungukie kusini.

Ukiisoma hadithi hii haraka utasema kodi ilileta vita. Mimi naona msamaha ndio uliotangulia kuleta tatizo. Aliyezoea kutolipa hauiti tena msamaha, anauita haki yake, na siku ukiuondoa anajiona ameibiwa. Lakini Mnywa Sere naye alikuwa na kasoro. Aliwadai watu wenye bunduki kabla ya kukubaliana nao wanalipia nini.

Wakoloni walikuja na mtindo mwingine. Wajerumani walileta kodi ya nyumba, Waingereza wakaendeleza kodi ya kibanda na ya kichwa. Shule ya serikali ya Tabora ilianza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu. Nyerere, mtoto wa Chifu Burito, aliingia pale mwaka 1937. Pia tangu miaka hiyo ya 1920 serikali ilizipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Mkulima aliyelipa kodi ya kichwa alichangia madarasa ambayo mwanawe hakuwa na nafasi ya kuyaona. Kwa hiyo swali la "nani anamsomesha nani" ni la zamani kuliko Uhuru wetu.

Leo picha imebadilika. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016, ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Bado mzazi anayejiweza, na hata asiyejiweza sana, anajinyima ampeleke mtoto "English medium". Huyo si tajiri wa meno ya tembo. Ni nesi, ni mwalimu wa shule ya kata, ni mama mwenye duka Kariakoo. VAT ni kodi ya mlaji, kwa hiyo mwenye shule atakuwa mkusanyaji tu na mzazi ndiye atakayeumia.

Msimamo wangu ni huu. Kutoza ada zote kwa kiwango kimoja ni kuwa na akili ndogo kuliko ya wazee wa Ugogo, waliopima mzigo kwanza. Kama ni lazima, tuanzie kwenye shule ambazo ada ya mwaka inazidi mshahara wa mwaka wa mwalimu, na fedha hizo zionekane zinakwenda wapi. Waingereza angalau walitamka: walimu wapya 6,500. Sisi tutamke madawati mangapi, walimu wangapi wa hesabu, shule gani ya kata, wilaya gani.

Bila hivyo wenye uwezo watafanya kama wale wa Tabora, watatafuta mtemi mwingine wa kuwasikiliza, na mtoto wa shule ya kata atabaki kisimani na ndoo tupu. Neno hongo lilikuwa jina la ushuru, leo ni jina la rushwa. Kodi isiyorudisha kitu kwa mlipaji huishia kuitwa hivyo hivyo.

Wewe mdau, ungepima mzigo kwa kipimo gani?