Bwana Msa na Ukoo Wake wa Marekani

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta asili ya Bwana Msa kwa Sherlock Holmes wa London. Ukoo wenyewe ni wa kale zaidi. Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alimbuni Dupin, mfumbuaji mafumbo mwenye rafiki wa kustaajabu kwa niaba ya msomaji. Holmes na Watson walifuata mwaka 1887. Bwana Msa na Najum ni kizazi cha tatu.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, katika pwani ileile ya mashariki ya Unguja iliyo na Uroa. Alihudumu katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960.

Je, tumwite mwigaji? Sikubaliani. Katika hadithi ya Poe, mashahidi wa Paris husikia sauti moja, na kila mmoja huidhania kuwa ya lugha asiyoijua (wanaisimu tungepaswa kuisoma kwa sababu hiyo pekee). Kisiwani kwa Abdulla kila mtu hujulikana ni mtoto wa nani, au hudhaniwa kujulikana. Hivyo siri zake mara nyingi hujificha katika nasaba, na Bwana Msa, kiko mkononi, huzifichua kwa mazungumzo. Mwanafunzi anayeziita riwaya hizi "pendwa" na kuziacha nje ya tasnifu yake huacha pia hazina ya Kiunguja cha barazani.