Sauti Zisizojitaja: Historia ya Wasikilizaji wa Masafa Mafupi, kutoka Kairo hadi Karatu

Mwaka 1957 wenye redio katika Afrika Mashariki walianza kukipata kwenye masafa mafupi kituo kilichojiita Sauti ya Afrika Huru. Kilizungumza Kiswahili fasaha, kiliwashambulia wakoloni bila kumung'unya maneno, na kilijinadi kuwa sauti ya Waafrika wanaodai nchi yao. Jambo moja hakikulitaja: mitambo yake ilikuwa wapi. Maofisa wa serikali za kikoloni wakakaa na redio zao, wakanukuu yaliyosemwa, wakachunguza masafa na saa za matangazo. Jibu halikuwa mbali. Kituo kilikuwa Kairo, chini ya serikali ya Misri ya Gamal Abdel Nasser, ambayo tangu 1954 ilikwisha anzisha idhaa ya Kiswahili iliyojulikana wazi. Mmoja wa watangazaji wake alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Tarehe 27 Juni ya mwaka uleule wa 1957, BBC nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu maneno ya kituo kile ilihifadhiwa na wale waliokichukia, kwa sababu ndio waliokaa kuyaandika. Hilo ndilo fundisho kubwa la historia hii. Ishara ngeni hewani huwa ina mwenyewe na ina mahali ilikotoka, na anayegundua ni yule anayesikiliza kwa subira na kuandika alichosikia. Asiyeandika hubaki na uvumi.

Duniani kote wapo watu wanaofanya kazi hiyo bila kulipwa. Usiku huzungusha kitufe cha redio kutafuta milio isiyojulikana, hubadilishana kumbukumbu na kuunganisha vipande hadi mwenyewe apatikane. Huku kwetu ni wachache mno, ilhali nyanda za juu za Karatu, chini ya ukingo wa Ngorongoro, ni mahali pazuri kwa kazi hiyo, na eneo letu limo ndani ya historia yake tangu mwanzo.

Simu ya upepo na vita viwili

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, shabaha ya mwanzo ya Waingereza pwani ya Tanganyika ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari HMS Astraea ilifika kuushambulia, ili koloni la Wajerumani likatike mawasiliano na Berlin.

Novemba 1917 Wajerumani walituma meli ya angani, L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria. Ilibeba takribani tani 15 za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, lililokuwa likisukumwa kuelekea mto Ruvuma. Ikiwa juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, ilipokea ishara fupi ya kuiamuru irudi. Ikageuza, na ilipotua Jamboli ilikuwa imekaa angani saa 95 na kusafiri karibu kilomita 6,800. Kwa miaka mingi ilivumishwa kwamba ishara ile ilikuwa hila ya Waingereza. Waliopekua kumbukumbu za Kijerumani walikuta kwamba amri ilitoka Berlin.

Baada ya vita, wakulima wa Kijerumani walirejea na kufungua mashamba ya kahawa Oldeani, jirani na Karatu. Katika miaka ya 1930 kituo cha Zeesen, karibu na Berlin, kilirusha matangazo ya Kijerumani kuelekea Afrika kwa masafa mafupi, na mwenye redio nzuri kwenye miteremko ile aliweza kusikia habari za kwao jioni ileile. Septemba 1939 vita vilipolipuka, Waingereza waliwakamata Wajerumani wa Tanganyika na kuwaweka kizuizini.

Vita hivyo vya pili vilileta Mombasa kazi ya siri kubwa zaidi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, kikosi cha Kiingereza cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya Kijapani kilihamishwa kutoka huko hadi Kilindini, kikawekwa kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram. Mawimbi yalifika yakiwa hafifu kwa sababu ya umbali, lakini wataalamu walifanikiwa kuvunja mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani. Mwaka 1943 kikosi kilirudi Colombo, shule ikarudia masomo.

Miaka ya mlio na tarakimu

Baada ya uhuru, redio ya masafa mafupi iliingia hadi vijijini. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounda redio, na Dar es Salaam kulikuwa na cha Matsushita kilichotengeneza redio na betri za National. Redio Tanzania iliwapa nafasi hewani wapigania uhuru wa kusini, wakiwemo FRELIMO, ANC na SWAPO. Sauti hizi zilijitaja kwa fahari. Kando yake zilikuwepo zisizojitaja.

Maarufu kuliko zote ilianza mwaka 1976: mapigo kumi kwa sekunde, makali, yakirukaruka kutoka masafa hadi masafa na kuvuruga hata mawasiliano ya ndege. Wapenzi wa redio duniani waliuita mlio huo Kigogota cha Urusi, kwa jina la ndege anayedona miti. Wenye antena za kuelekeza walipima ulikotoka, na vipimo vyao vikaelekea Ukraine. Ilikuja kuthibitika kwamba ulitoka kwenye Duga, rada kubwa ya Kisovieti karibu na Chernobyl, iliyojengwa kugundua makombora mapema. Mwishoni mwa 1989 ukanyamaza.

Mlio mwingine bado upo. Kwenye kilohezi 4625 kituo cha Urusi hutoa mvumo mfupi mara 25 hivi kila dakika, usiku na mchana, na mara chache sauti ya mtu huukatiza kwa kusoma majina na tarakimu. Wasikilizaji wameufuatilia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuandika kila tukio wameona kwamba mwendo wake ni wa mtandao wa mawasiliano ya kijeshi.

Kisha kuna vituo vya tarakimu. Sauti, mara nyingi ya mwanamke, husoma makundi ya tarakimu tano tano bila kueleza lolote. Siri yake ni hesabu nyepesi. Mtumaji na mpokeaji wana madaftari mawili yanayofanana, yaliyojaa tarakimu zisizo na mpango. Tarakimu ya ujumbe ikiwa 6 na ya daftari 7, jumla ni 13; inaandikwa 3, na 1 inaachwa. Mpokeaji, akiona 3 haitoshi kutolewa 7, huirudishia ile 1 iliyoachwa, hutoa 7 kwenye 13 akapata 6 yake. Ukurasa ukishatumika unateketezwa. Asiye na daftari hawezi kuufungua ujumbe huo, hata awe na kompyuta ya namna gani, na anayeupokea kwa redio ya kawaida haachi alama yoyote. Ndiyo maana Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa Marekani aliyekamatwa Septemba 2001 kwa kuitumikia Cuba, alipokea maagizo yake kwa tarakimu zilizosomwa hewani.

Wasikilizaji hawakuweza kusoma ujumbe, lakini waliweza kumjua msemaji. Kituo kimoja kilichofungua kila tangazo kwa wimbo wa kienyeji wa Kiingereza kilipimwa na wapenzi wa redio hadi kikaonekana kutoka kwenye kambi ya Uingereza ya Akrotiri, Cyprus. Kilinyamaza mwaka 2008.

Vita vya hewani katika Pembe ya Afrika

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko kaskazini. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 2003 uliamua kwamba kuanzia tarehe 29 Machi 2009 eneo la kilohezi 7100 hadi 7200 liachiwe waendesha redio wa ridhaa, yaani wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa kujifunza bila biashara. Vituo vingi vya matangazo vikahama, lakini Eritrea iliendelea kutangaza humo. Ethiopia nayo, katika uhasama uliofuata vita vyao vya 1998 hadi 2000, ikawa inayafunika matangazo hayo kwa kelele nzito mfululizo, zinazosikika kama maporomoko ya maji.

Aliyezikuta kelele hizo kwa bahati alidhani redio yake imeharibika. Waangalizi wa kujitolea wa muungano wa kimataifa wa waendesha redio wa ridhaa, IARU, walioanza kufuatilia wavamizi wa masafa yao miongo mingi iliyopita, waliziandika kwa miaka: tarehe, saa, masafa, upana wa kelele, kituo kilichofunikwa. Kumbukumbu zao zilipelekwa kwa mamlaka za nchi mbalimbali kama malalamiko. Hivyo ugomvi wa majirani wetu wawili umehifadhiwa saa kwa saa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Asmara wala Addis Ababa.

Ishara zisizo za binadamu

Mhandisi Karl Jansky, akifanya kazi New Jersey, Marekani, alipewa jukumu la kutafuta chanzo cha kelele zilizosumbua simu za masafa mafupi. Kwenye megahezi 20.5 alikuta mkwaruzo hafifu uliofika kilele mapema kwa dakika nne kila siku kuliko siku iliyotangulia. Jua haliendi hivyo. Nyota ndizo zinazokwenda hivyo. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mkwaruzo ule ulitoka katikati ya Njia ya Maziwa, upande wa kundinyota la Mshale. Elimu ya nyota kwa redio ikazaliwa. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin walinasa kwenye megahezi 22.2 milipuko ambayo awali waliidhania ni ya mtambo wa gari lililopita jirani. Ilikuwa sayari ya Jupita.

Mtu wa Karatu ana upendeleo hapa. Kwa kuwa tupo nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, Mshale hupita juu sana kwetu, ilhali Ulaya huonekana chini kwenye upeo.

Kusikiliza ukiwa Karatu

Adui wa masafa mafupi siku hizi ni kelele za mjini: chaja za simu, taa za LED, nyaya za umeme. Kwenye mashamba ya nje ya mji wa Karatu kelele hizo ni chache. Redio yenye masafa mafupi, waya wa shaba wa mita kumi au ishirini uliofungwa kutoka dirishani hadi kwenye mgrevilia, na betri vinatosha kuanzia. Mwenye umeme wa sola azime kifaa cha kuchajia, kwani chenyewe huvuma redioni.

Jioni, cha kwanza kusikika ni mikwaruzo ya radi. Bonde la Kongo na Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi kuliko yote duniani, na kila mmweko hurusha wimbi. Giza likiingia, vituo vya mbali hujaa chini ya megahezi 10, kwa kuwa tabaka la angahewa lililokuwa likiyameza mawimbi hayo mchana hutoweka baada ya jua kuzama.

Jaribu pia megahezi 14.100 mchana, kwa redio inayoweza kupokea alama za Morse. Humo vituo 18 vya mabara mbalimbali hupokezana, kila kimoja kwa sekunde kumi: jina kwa Morse, kisha milio minne, ya kwanza kwa wati 100, ya pili kwa 10, ya tatu kwa 1, ya mwisho kwa sehemu ya kumi ya wati. Asiyejua ataviona vya ajabu, kumbe vimewekwa kupima hali ya anga. Kimojawapo ni 5Z4B cha Kenya. Msikilizaji wa Karatu anaweza kukipata cha Japani na kukikosa hicho cha jirani, kwa sababu mawimbi hayo hupanda hadi tabaka la ioni na kurudi ardhini mbali, yakituruka tulio karibu. Ndiyo sababu mlio wenye nguvu haumaanishi kuwa mwenyewe yuko jirani.

Ipo mipaka. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Mazungumzo ya polisi na ya askari wa hifadhi yaachwe yalivyo: ndani ya kreta ya Ngorongoro faru weusi wanalindwa kwa redio, na anayesambaza aliyoyasikia huko anamsaidia jangili.

Sisi nasi tumesikilizwa kwa miaka mingi. Wapenzi wa redio wa Ulaya, Marekani na Japani walikesha ili kuipata redio ya Zanzibar kwenye kilohezi 11735 na taarab yake kutoka mitambo ya Dole, Unguja, wakaandika nguvu ya mawimbi na dakika ya kila wimbo. Mitambo mingi iliyotuzunguka imezimwa, kama ule wa Deutsche Welle mjini Kigali uliofungwa Machi 2015, na hewa iliyobaki wazi sasa inaangaliwa zaidi na watu wa mabara mengine.

Walimu wa fizikia wa Karatu na Ngorongoro wanaweza kubadilisha hali hii kwa redio moja na daftari moja. Kila mstari uwe na tarehe, saa, masafa, namna mlio ulivyo na hali ya hewa. Wanafunzi wawaulize pia wazee walichokuwa wakisikiliza enzi za redio za Philips, na waandike majibu wakati wazee hao bado wapo. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na kumbukumbu ambayo haipo kokote kwingine. Daftari hilo lifunguliwe muhula huu.