Waliolipwa Kuwaua Ndio Waliowafuga

Kiswahili chetu hakina neno jema kwa panya. Kipito cha magendo mpakani ni "njia ya panya". Vijana waliotisha mitaa ya Dar es Salaam kwa mapanga waliitwa Panya Road. Ukipita stendi utamsikia mchuuzi na kipaza sauti chake: dawa ya panya, mende, kunguni! Nimekulia katika nyumba ambayo gunia la mahindi lilikuwa na paka wake, na bado panya alikula kwanza, sisi baadaye. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kuna watu wanaofuga panya ndani, wanampa jina na kumpeleka kwa daktari, atacheka na kusema hayo ni mambo ya Wazungu waliokosa kazi.

Nimeifuatilia historia ya jambo hili kwa muda sasa. Mara mbili, katika nchi mbili tofauti, nimekuta mlango wa kumfuga panya ukifunguliwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kummaliza.

Tuanzie London, katikati ya karne ya 19. Sheria ya mwaka 1835 ilikuwa imepiga marufuku kuwapambanisha mbwa na mafahali au dubu, lakini panya nani wa kumwonea huruma? Basi baa zikatengeneza uwanja mdogo wenye kuta za mbao. Panya wanamwagwa humo, mbwa anaachiwa, watu wanacheza kamari: ataua wangapi, kwa dakika ngapi? Mchezo huo ulihitaji panya hai, tena kwa mamia, na panya hai haji mwenyewe. Walinunuliwa kwa watega panya.

Mmoja wao aliitwa Jack Black. Mwandishi Henry Mayhew, aliyezunguka akiwahoji watu wa chini wa jiji hilo, alizungumza naye. Bwana huyu alijitangaza kuwa muua panya wa Malkia Victoria, akatembea na mkanda mpana wa ngozi wenye sanamu za panya za chuma. Aliumwa mara nyingi, nyingine nusura zimtoe roho. Lakini akikamata panya wa rangi ya ajabu, mweupe au wa mabaka, hakumpeleka kwa mbwa. Alimtunza, akamzalisha, akauza watoto wake kwa mabinti wa familia zenye uwezo wawaweke kwenye vizimba. Hebu fikiria: mikono ile ile yenye makovu, huku inaua, huku inachagua nani azae na nani.

Japani ni hadithi nyingine. Huko kitabu cha kufuga panya wa rangi kilichapishwa tangu mwaka 1775. Ila Uingereza ndiko ufugaji ulikopata klabu na mashindano. Mwaka 1901, mwanamke aitwaye Mary Douglas aliomba klabu ya wafugaji wa vipanya iwakubali na panya wakubwa. Ikakubali. Kwenye maonyesho ya Aylesbury mwaka huo, panya wake mweusi na mweupe akashinda.

Sasa weka tarehe hiyo kando ya nyingine. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na serikali ya kikoloni ikachoma moto soko la Wahindi. Mwaka 1898, Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa ameonyesha huko Karachi kwamba viroboto wa panya ndio wanaoihamisha tauni. Kwa hiyo mnyama aliyepewa zawadi Aylesbury na mnyama aliyeogopwa Nairobi waliishi katika dola moja, miaka ile ile. Na hofu ya Nairobi haikuwa ushamba. Waulize wazee wa Lushoto: tauni iliwaandama kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20.

Nini basi kinamtofautisha panya wa kizimbani na yule wa darini? Ni vizazi na matunzo. Panya wanaofugwa leo Ulaya na Marekani ni uzao wa panya wa kahawia aliyezalishwa mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 100, akichaguliwa kwa upole wake. Kumtunza si mchezo. Haishi peke yake, atanyong'onyea. Wawe wawili au zaidi. Meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo lazima apate cha kutafuna. Kifua chake ni dhaifu: maranda ya msonobari yenye harufu kali, au mkojo ulioachwa kizimbani, humletea ugonjwa wa njia ya hewa. Na ukishamzoea, baada ya miaka miwili au mitatu anakufa. Watoto wengi wa Ulaya wamejifunza msiba wa kwanza kwa panya.

Mtoto mmoja kati ya waliofuga panya alikuwa Mbelgiji, Bart Weetjens. Alipokua akawa anatafuta njia rahisi ya kugundua mabomu yaliyotegwa ardhini, akakumbuka wanyama wake wa utotoni: wana akili, wanafundishika, na pua yao ni kali. Mwaka 1997 kazi ikaanza, ndipo likazaliwa shirika la APOPO. Lakini panya gani? Jibu lilitoka kwa Ron Verhagen wa Chuo Kikuu cha Antwerp: panya buku wa Afrika, anayeweza kuishi hadi miaka minane. Mwaka 2000 mradi ukahamia Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Kwa nini Sokoine? Kwa sababu wataalamu wa pale, pamoja na wenzao wa Antwerp, walikuwa tayari wakimchunguza panya shamba, yule anayemaliza mahindi ya mkulima. Walimsoma ili wamdhibiti. Nilipofika hapa kwenye kusoma kwangu nilicheka peke yangu: ni Jack Black yule yule, safari hii na koti la maabara.

Na matunzo yao yangemtoa machozi yule mchuuzi wa stendi. Watoto wa panya buku huzoeshwa sauti, harufu na mikono ya watu wakiwa na umri wa wiki chache. Akinusa sawasawa anasikia "klik" na kupewa kipande cha ndizi. Kabla ya kwenda juani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni. Kila mmoja ana jina.

Mmoja wa waliozaliwa Morogoro aliitwa Magawa. Alipelekwa Kambodia, na katika miaka mitano ya kazi akagundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Uwanja wa ukubwa wa tenisi aliumaliza kwa takriban nusu saa, na kwa uzito wake wa kilo 1.2 hakuweza kulipua bomu. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa medali ya dhahabu. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Wenzake wanaobaki Morogoro hunusa makohozi, na wamewagundua wagonjwa wa kifua kikuu waliokwisha kuambiwa hospitalini kwamba hawana kitu.

Hata hivyo, usiende porini na mtego. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani waliagiza panya buku na wanyama wengine kutoka Ghana kwa ajili ya kuuza majumbani. Wakahifadhiwa pamoja na wanyama wengine wa biashara, na ugonjwa wa mpox ukafika kwa zaidi ya watu 40. Serikali ikapiga marufuku kuingiza panya wa Afrika. Wale walimtaka panya kwa sura yake tu, hawakumjua. Jack Black alimjua kwa kuumwa naye, na watu wa Sokoine walimjua kwa kuhesabu hasara za wakulima.

Dawa ya panya nyumbani kwangu ipo, na itaendelea kuwepo. Ila wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kule Kambodia kuna mkulima anayelima leo shamba alilokuwa akiliogopa, kwa sababu panya wa Morogoro alitangulia kupita humo.