Kununua kompresa ya nyumbani: Tazama kiasi cha hewa, si ukubwa wa tangi

SAUTI ya kompresa si ngeni kwa Wakenya. Husikika kando ya barabara pale fundi anapotia upepo magurudumu ya matatu na bodaboda, na katika karakana za jua kali ambako magari hupigwa rangi. Siku hizi mashine ndogo za aina hiyo huuzwa pia katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu wanaopenda kujifanyia kazi nyumbani, kama vile kupaka lango rangi, kuunda kabati au kufungua nati za gurudumu.

Tatizo ni kwamba wengi huchagua kwa macho. Hutazama ukubwa wa tangi, nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye mota na bei, kisha hulipa. Wakifika nyumbani na kuunganisha mashine ya msasa, kazi huenda vyema kwa nusu dakika, halafu kifaa hulegea huku kompresa ikinguruma bila kupumzika. Mashine yenyewe haina kasoro, ila haiwezi kutoa hewa kwa kasi inayohitajika, na hakuna fundi anayeweza kurekebisha jambo hilo.

Presha na kiasi

Kompresa ya kawaida ya nyumbani hutumia pistoni. Mota ya umeme huiendesha pistoni hiyo, nayo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya tangi la chuma. Presha inapofika kiwango kilichowekwa, mara nyingi bar 8, swichi huizima mota. Ikishuka hadi bar 6 hivi, mota huwaka tena.

Mambo mawili hupimwa hapo. La kwanza ni presha, yaani nguvu ya msukumo wa hewa, inayopimwa kwa bar au kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, kipimo kinachoandikwa PSI. Bar 1 ni sawa na pauni 14.5. La pili ni kiasi cha hewa inayotolewa kwa dakika, kinachopimwa kwa lita au kwa futi za ujazo, kipimo kinachoandikwa CFM. Futi 1 ya ujazo ni takriban lita 28. Mfano wa karibu ni mfereji wa maji. Presha ni nguvu ya maji yanayotoka, nacho kiasi ni idadi ya ndoo zinazojaa kwa dakika. Mfereji mwembamba unaweza kurusha maji mbali na bado ukachelewa kujaza pipa.

Karibu kila kompresa ndogo hufikia presha inayohitajika, kwa kuwa vifaa vingi vya upepo hutumia pauni 90, ambazo ni kama bar 6. Tofauti kubwa iko katika kiasi. Isitoshe, kiasi kinachoandikwa kwenye kibandiko mara nyingi ni cha hewa inayovutwa na pistoni, si ile inayofika kwenye kifaa. Hewa inayotoka huwa pungufu, pengine kwa thuluthi moja. Mnunuzi anafaa kuuliza kiasi kinachotolewa katika presha ya pauni 90. Akikosa jibu, ni salama kukadiria kuwa atapata thuluthi mbili tu za kile kilichoandikwa.

Anza na kifaa

Njia bora basi ni kuamua kwanza kifaa kitakachotumika, kisha kutafuta kompresa inayokitosheleza.

Kazi nyepesi ni kutia magurudumu upepo, kupuliza vumbi na kupigilia misumari midogo ya mbao kwa bunduki ya misumari. Msumari mmoja mdogo hutumia hewa isiyozidi lita moja hivi, na kati ya msumari na msumari kompresa hupata nafasi ya kujaza tangi. Mashine yenye tangi la lita 24 inatosha.

Spana ya upepo ya kufungulia nati za gari iko katikati. Huhitaji kama lita 110 hadi 140 kwa dakika, lakini hutumika kwa sekunde chache tu kila mara. Tangi la lita 50 linaweza kuihimili. Soketi zake ziwe zile nyeusi zilizotengenezewa kazi hiyo, kwa sababu zile za kung'aa zinaweza kupasuka. Wakati wa kurudisha gurudumu, nati zikazwe mwishoni kwa spana ya mkono inayopima nguvu, ili zisikazwe kupita kiasi.

Kazi nzito ni kupiga msasa, kukwangua chuma na kupuliza rangi. Mashine ya msasa hutumia takriban lita 280 kwa dakika, tena mfululizo. Bunduki ya rangi ya gari au ya fanicha inaweza kuhitaji lita 225 hadi 400, ingawa presha yake ni ndogo. Kusafisha chuma kwa kurusha mchanga huhitaji hewa nyingi zaidi, na ni nadra kompresa ya nyumbani kuiweza kazi hiyo.

Hesabu rahisi yaonyesha kwa nini tangi kubwa pekee si jibu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi bar 6 hutoa hewa ya kawaida lita 100 tu. Kwa bunduki ya misumari, hiyo ni zaidi ya misumari 100. Kwa mashine ya msasa inayotumia lita 280 kwa dakika, ni sekunde 21. Hata kompresa ikiwa inaongeza lita 120 kwa dakika wakati huo, tangi litafika bar 6 kabla ya sekunde 40 kwisha. Tangi ni akiba tu, na akiba isiyojazwa upesi huisha.

Mwinuko na umeme

Mahali pia pana uzito wake. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Pistoni ile ile huvuta hewa nyepesi zaidi, hivyo tangi huchelewa kujaa. Mkazi wa Nairobi, na hasa wa Eldoret ambako mwinuko ni mkubwa zaidi, afadhali anunue mashine inayozidi mahitaji yake kwa angalau robo. Mkazi wa pwani naye ana tatizo la unyevunyevu, kwani maji mengi zaidi hukusanyika ndani ya tangi.

Kuhusu umeme, soketi ya kawaida ya nyumba za Kenya ni ya ampea 13 kwa volti 240, yaani takriban wati 3,100. Mota ya nguvu za farasi 2, ambayo ni kama wati 1,500, haina shida. Ile ya farasi 3 hukaribia kikomo, hasa inapoanza kuzunguka, kwa kuwa wakati huo huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Waya mrefu na mwembamba wa ekstensheni hupunguza volti na unaweza kuunguza mota. Kama kazi iko mbali, ni heri kurefusha mpira wa hewa kuliko kurefusha waya.

Kuna mashine zinazotiwa mafuta na zisizotiwa. Zisizo na mafuta ni nyepesi na hazihitaji uangalizi mwingi, lakini aghalabu huwa na kelele na huchakaa mapema. Zenye mafuta hudumu zaidi iwapo mwenyewe atakagua kiwango cha mafuta na kuziweka mahali tambarare. Zikitumiwa kupaka rangi, lazima ziwe na chujio la mafuta na maji, la sivyo rangi itatoka na madoa.

Hatari iliyo ndani ya tangi

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kwamba tangi la kompresa linaweza kuua. Hewa inaposhindiliwa, mvuke wake hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Maji hayo yasipomwagwa, chuma huliwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, huku rangi ya nje iking'aa kama mpya. Siku moja tangi lililodhoofika hupasuka kwa kishindo.

Kinga yake ni rahisi. Kila baada ya kazi, hewa itolewe na koki iliyo chini ya tangi ifunguliwe hadi maji yaishe. Vali ya usalama isizibwe wala kukazwa zaidi. Tangi lenye kutu au linalovuja lisichomelewe kiraka, bali litupwe. Anayenunua mashine iliyotumika atazame sehemu ya chini kwanza, na akatae iliyochomelewa. Vivyo hivyo, kompresa iliyoundwa kwa mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia haifai kuwa karibu na watoto, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani. Mabomba ya plastiki ya maji nayo yasitumiwe kupitisha hewa, kwa kuwa yakipasuka hurusha vipande vyenye ncha kali.

Katika maeneo ya kazi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Nyumbani, mara nyingi mkaguzi ni mwenye mashine peke yake.

Miwani ya kinga na vizibo vya masikio ni sehemu ya vifaa, si mapambo. Hewa isielekezwe kwa mtu hata kwa mzaha, kwani inaweza kupenya kwenye ngozi na kuingia katika damu. Rangi za gari zinazochanganywa na kigumishi chenye isosayaneti hazifai kupulizwa nyumbani, kwa sababu ukungu wake huweza kusababisha pumu na barakoa ya kawaida haitoshi.

Si lazima kununua

Mwisho, mnunuzi ajiulize iwapo kweli anahitaji kompresa. Sehemu kubwa ya umeme unaotumiwa kushindilia hewa hupotea kama joto. Kwa kupiga msasa au kukwangua chuma mara moja moja, mashine ya umeme ya mkononi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo na bila tangi la kuangalia. Kwa lango moja la kupaka rangi, kumlipa fundi mwenye mashine kubwa huenda kukawa nafuu zaidi.

Anayeamua kununua aende dukani akiwa na karatasi yenye mambo matatu: jina la kifaa chake chenye njaa kubwa zaidi ya hewa, lita kinazotumia kwa dakika, na robo ya kuongeza juu yake. Mashine isiyofikia kiasi hicho haitamfaa, hata tangi lake liwe kubwa namna gani.