Kutoka Kasongo hadi Kinshasa ni mbali kiasi gani?

Wasikilizaji wetu wengi wako na jamaa Kinshasa, na swali hili linarudi kila mara. Jibu linategemea unasafiri namna gani.

Kwenye ramani, Kasongo na Kinshasa ziko karibu kwenye mstari mmoja, mashariki na magharibi. Ndege ikiruka moja kwa moja inapita kilomita kama 1,245. Upande wa pili, Zanzibar, kule misafara ya Tippu Tip ilikopeleka pembe na watumwa, ni kilomita kama 1,400. Mji wetu uko karibu katikati.

Mto ndio unaorefusha njia. Lualaba unakwenda kwanza kaskazini mpaka Kisangani, unazunguka, kisha unashuka Kinshasa. Stanley aliondoka Nyangwe, jirani yetu, Novemba 1876, akafika Boma Agosti 1877: miezi tisa. Baadaye Wabelgiji walijenga reli pale maporomoko yanapozuia meli: Kisangani–Ubundu mwaka 1906, Kindu–Kongolo mwaka 1911. Hata hivyo wazee wetu waliokwenda Kinshasa kwa njia hiyo walishika meli Kindu mpaka Ubundu, treni kilomita 125 mpaka Kisangani, kisha meli tena kilomita 1,734.

Halafu ikaja ndege. Tarehe 12 Februari 1925, Edmond Thieffry na wenzake wawili waliruka kutoka Brussels. Walitua Kinshasa, wakati ule Léopoldville, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Lakini saa walizokuwa hewani zilikuwa kama 75 tu, siku tatu na kidogo. Muda mwingine wote ulipita chini: kulala, kutengeneza ndege, kungoja hali ya hewa. Thieffry alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika, akitafuta njia za ndege ndani ya Kongo.

Hesabu yake ndiyo yetu mpaka leo. Kutoka Kindu hadi N'djili ni kilomita kama 1,170, ndege kubwa inazipita kwa saa mbili hivi. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: ukiruka Kindu saa nne asubuhi, unatua Kinshasa saa tano.

Lakini kabla ya kufika Kindu kuna kilomita zaidi ya 200 za barabara, na mvua ikinyesha pikipiki inakwama kwenye matope. Familia iliyokimbia kutoka Kabambare imekwisha kupita kilomita zaidi ya 100 kabla ya kuiona Kasongo, wengi kwa miguu, watoto mgongoni. Mgonjwa naye hahesabu saa za ndege. Anahesabu usiku aliolala njiani.

Kwa hiyo ndugu wa Kinshasa akikuambia, «njoo, ni saa mbili tu», mwambie aanze kuhesabu mlangoni pako, si uwanjani Kindu.