Mzigo Abebe Nani? Historia Fupi ya JavaScript Upande wa Seva, Tukiitazama kutoka Lilongwe na Dzaleka

Utangulizi

Huenda ukashangaa kukuta makala ya kompyuta katika jarida la idara inayofundisha Kiswahili. Sababu ziko mbili. Kwanza, taaluma ya kutengeneza tovuti imekwisha kufika mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya kuelewana: kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaishi pamoja. Pili, nyuma ya maneno ya kitaalamu ya fani hiyo limejificha swali ambalo kila jamii inalijua: mzigo abebe nani?

Tuwafikirie watu wawili. Mmoja anakaa Area 47, mtaa wa makazi jijini Lilongwe, ana kompyuta ya mkononi na intaneti ya kulipia kwa mwezi. Mwingine yuko Dzaleka, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapo, ana simu ya bei nafuu na bando la megabaiti 50. Wote wawili wanafungua tovuti ileile. Ikiwa kila ukurasa una uzito wa megabaiti 2, yule wa Dzaleka atafungua kurasa 25 na bando limekwisha. Ikiwa ukurasa una kilobaiti 50, atafungua kurasa 1,000. Tofauti hiyo haiamuliwi naye. Inaamuliwa na aliyeitengeneza tovuti, mara nyingi bila kujua kwamba ameamua jambo lolote. Makala haya yanakusudia kueleza namna uamuzi huo ulivyobadilika tangu mwaka 1995 hadi leo.

Mgawo wa kazi kati ya seva na kivinjari

Seva ni kompyuta inayopokea maombi na kutoa majibu. Kivinjari ni programu iliyo katika simu au kompyuta ya msomaji. Hiyo ndiyo inayotuma ombi na kuonyesha jibu. Kati ya pande hizi mbili ipo kazi ya kuuandaa ukurasa: kuchota habari kwenye hifadhidata, kuzipanga, na kuzitia kwenye kiolezo. Kazi hiyo inaweza kufanywa na seva, nayo ikampelekea msomaji ukurasa uliokwisha iva. Inaweza pia kuachiwa kivinjari, yaani msomaji anatumiwa programu na habari ghafi, kisha simu yake ndiyo inayopika.

Katika miaka ya 1990 karibu kazi yote ilikuwa ya seva. Lugha kama Perl, na PHP iliyotolewa mwaka 1995, zilitumika huko. Mwaka huohuo wa 1995 Brendan Eich, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape, alibuni kwa muda wa siku kumi lugha ndogo ya kutumika ndani ya kivinjari. Iliitwa Mocha, kisha LiveScript, na ilipofika Desemba ikapewa jina la JavaScript. Netscape yenyewe ilijaribu mapema kuipeleka lugha hiyo kwenye seva kupitia bidhaa yake ya LiveWire, lakini jaribio hilo halikuota mizizi. Kwa zaidi ya miaka kumi JavaScript ikabaki kuhesabiwa lugha ya kupambia kurasa.

Miaka ya 2008 hadi 2010

Mambo yalibadilika Septemba 2008, Google ilipotoa kivinjari cha Chrome. Ndani yake mlikuwa na injini iitwayo V8, iliyoifanya JavaScript iende kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Mwaka uliofuata Ryan Dahl aliichomoa injini hiyo kutoka kwenye kivinjari na kuiweka kwenye seva. Matokeo yake ni Node.js, aliyoionyesha hadharani kwenye mkutano wa Berlin, Novemba 2009.

Jipya lililoletwa na Dahl linaeleweka vizuri kwa mfano wa mashine ya kusaga mahindi, ambayo Wamalawi huiita chigayo. Seva nyingi za zamani zilifanya kazi kama chigayo inayompa kila mteja mhudumu wake. Mhudumu anapokea ndoo, anaipeleka mashineni, kisha anasimama hapo akingoja unga. Wateja wakifika mia, wanatakiwa wahudumu mia, na wengi wao hawana wanalofanya ila kungoja. Node.js ina mhudumu mmoja. Anapokea ndoo, anaikabidhi kwa mashine, na papo hapo anamgeukia mteja anayefuata. Unga ukiwa tayari, mwenyewe anaitwa. Kwa kuwa kazi nyingi za tovuti ni za kungoja, yaani kungoja hifadhidata, faili au mtandao, mhudumu huyo mmoja huwatosha wengi, na kompyuta ndogo huweza kubeba kazi kubwa.

Utaratibu huu una udhaifu wake. Mhudumu huyo akipewa hesabu ndefu ya kufanya mwenyewe, foleni yote inasimama. Kwa hiyo si kila kazi inaifaa Node.js.

Mwaka 2010 TJ Holowaychuk alitoa kiunzi cha Express. Wanafunzi wetu wa shahada ya pili wanalijua neno kiunzi kutokana na kiunzi cha nadharia. Hapa pia maana haiko mbali. Ni mifupa ambayo mtayarishaji wa programu huijengea nyama yake. Express ilifuata nyayo za Sinatra, kiunzi kidogo cha lugha ya Ruby kilichotolewa mwaka 2007, na iliacha mambo mengi kwa makusudi. Msingi wake ni njia. Jiji la Lilongwe, lililochukua nafasi ya Zomba kama makao makuu ya nchi mwaka 1975, hutaja mitaa yake mingi kwa namba, na namba hizo hazifuatani ardhini. Anayekwenda Area 47 hahitaji kupita Area 46. Anataja namba, naye dereva anajua pa kukata kona. Ndivyo kiunzi kinavyofanya. Ombi linafika na anwani yake, kiunzi kinaisoma, kisha kinalipeleka kwenye kipande cha msimbo kinachohusika. Njiani ombi hupitishwa kwenye vituo vidogo vya ukaguzi: kimoja humtambua mtumiaji, kingine huandika kumbukumbu. Seva nzima inayojibu ombi huandikwa kwa mistari isiyozidi kumi.

Ni vyema kukumbuka yaliyokuwa yakitokea upande wetu wa dunia katika miaka hiyohiyo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Malawi, isiyo na bahari, iliyokuwa ikitegemea sana setilaiti, ikapata kuunganishwa na mikongo ya pwani kupitia majirani zake. Aidha, ni mwaka huo wa 2010 ambapo mradi wa Wajesuti wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao ulianza Dzaleka, sambamba na Kakuma nchini Kenya, na stashahada zake zikitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani.

Mzigo kuhamia kwenye simu, kisha kurudi

Baada ya 2010 upepo uligeuka. AngularJS ilitoka mwaka huo, na React ikatoka mwaka 2013. Viunzi hivi vilihamishia kazi ya kuandaa ukurasa kwenye kivinjari. Kwa mwenye kompyuta nzuri faida ilikuwa kubwa: kurasa zilijibu upesi bila kupakiwa upya. Lakini msomaji alitakiwa kwanza kupakua programu nzima, na simu yake iitekeleze. Seva ilipumzika, simu ikatoka jasho. Kampuni iliokoa gharama, na gharama hiyo haikutoweka. Ililipwa kwa bando na betri ya msomaji.

Polepole mzigo ulianza kurudi. Next.js, iliyotolewa mwaka 2016, iliwawezesha watumiaji wa React kuandaa kurasa kwenye seva. Mwaka huohuo Matteo Collina na Tomas Della Vedova walianzisha Fastify, kiunzi kilichojengwa kwa nia ya kupunguza kazi isiyo ya lazima katika kila ombi. Desemba 2021 Yusuke Wada wa Japani alianza Hono, neno la Kijapani lenye maana ya mwali wa moto. Umbo lake dogo kabisa halifiki kilobaiti 14, na halitegemei kifurushi kingine chochote.

Jambo hili la kutotegemea vifurushi lina maana kwa anayejifunza pia. Kuisimika Express huvuta pamoja nayo makumi ya vifurushi vingine, na viunzi vikubwa huvuta mamia. Mwanafunzi anayelipia data kwa megabaiti hulipa kabla hajaandika mstari wa kwanza. Kwa hiyo wepesi una pande mbili: unampunguzia mzigo anayeisoma tovuti, na unampunguzia anayeijenga.

Dzaleka

Dzaleka ilikuwa gereza. Katika utawala wa Kamuzu Banda walifungwa humo wapinzani wa kisiasa. Jina lenyewe lina kitenzi cha Kichewa -leka, chenye maana ya kuacha, na mara nyingi hufasiriwa kuwa ni kiapo cha kutorudia tena. Mwaka 1994 mahali hapo pakafanywa kambi ya waliokimbia vita na mauaji katika Rwanda, Burundi na Kongo. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 50,000.

Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, Malawi ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu vyake, vikiwemo vinavyohusu ajira na uhuru wa kutembea. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakimbizi wengi walifanya biashara Lilongwe na kwingineko. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka, na wenye maduka mjini wakaondolewa.

Katika mazingira hayo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili. TakenoLab, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, iliwafundisha vijana wa kambini kuandika programu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, Microsoft kwa kushirikiana na UNHCR ilileta hapo mpango wake wa AppFactory. Kazi ya kuandika programu haihitaji duka mjini wala nauli. Ombi likitoka Area 47, au likitoka Mombasa, seva hulijibu bila kuuliza mwandishi wa msimbo wake ana hati gani.

Hata hivyo tusijidanganye. Mteja wa mbali hutaka akaunti ya benki ya kulipia. Seva ya kukodi hulipiwa kwa kadi. Kadi na akaunti hudai kitambulisho, na hapo mkimbizi hukutana tena na mlango ule ule. Kiunzi chepesi kinapunguza uzito wa ukurasa. Uzito wa sheria unabaki palepale. Anayesema kwamba intaneti imeondoa mipaka hajawahi kujaribu kupokea malipo akiwa kambini.

Wajibu wa walimu wa Kiswahili

Sisi tunaingia wapi? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba istilahi za kompyuta zinatungika na zinatumika. Tangu hapo nguvu nyingi zimepotea katika ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kana kwamba jina la chombo ndilo kazi yake.

Msomaji aliyefika hapa amekwisha kutumia maneno seva, kivinjari, ombi, jibu, njia, kiolezo, hifadhidata na kiunzi bila kuhitaji kamusi. Istilahi tunazo. Kinachokosekana ni maelezo yaliyoandikwa kwa hizo istilahi: kitabu, mhadhara au hata karatasi kumi zinazomfundisha mtu namna ombi linavyosafiri hadi kuwa jibu. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa na Mrundi aliyesoma kwa Kirundi wanapokutana mbele ya kompyuta moja Dzaleka, hukuta maelekezo yako kwa Kiingereza, lugha ambayo huenda si ya yeyote kati yao. Hapo tena mzigo umeachiwa mwenye nguvu kidogo.

Hitimisho

Tumeona kwamba kazi ya kuandaa ukurasa haipungui, huhama tu. Seva ikiikataa, simu ya msomaji itaifanya. Hali kadhalika, mwalimu wa lugha akiikataa kazi ya kueleza, mwanafunzi ataifanya peke yake, usiku, kwa bando lake. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwezi Agosti 2019, na Malawi ni mwanachama wa jumuiya hiyo. Tunapendekeza kwamba katika somo la istilahi na tafsiri, kila mwanafunzi apewe dhana moja ya upande wa seva, aieleze kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, na maelezo hayo yajaribiwe kwa watu wanaoijifunza kazi hiyo. Wakiyaelewa, yahifadhiwe na kusambazwa. Wasipoyaelewa, yaandikwe upya, na kazi hiyo ya kuandika upya iwe yetu.