Kutoka Utumbo hadi Chuma: Nyuzi za Banjo na Ushahidi wa Ala Kongwe

Hoja kwamba banjo ilibadilishiwa nyuzi kwa kupenda sauti kali tu haitoshelezi. Hans Sloane, aliyefika Jamaika mwaka 1687 na kuchapisha maelezo yake mwaka 1707, alieleza ala za Waafrika waliofanywa watumwa zilizofungwa singa za farasi au nyuzi za mimea itambaayo. Katika Marekani ya karne ya 19 ulitawala utumbo wa wanyama, ambao hunywa unyevu, hulegea na kukatika; mpigaji hakuthubutu kusafiri bila akiba. Waya wa chuma ulidumu zaidi, ila ulivuta kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo shingo za awali ziliundwa kuihimili.

Kwa hiyo mtafiti anayefunga chuma kwenye banjo ya kale ili aisikie huenda akaipinda shingo, yaani akauharibu ushahidi anaoutafuta. Nailoni, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ni salama zaidi, ingawa sauti yake si ile ya utumbo hasa. Zaidi ya hayo, daraja la banjo halikugundishwa. Hushikiliwa na mkandamizo wa nyuzi juu ya kiwambo. Ndiyo maana fundi hubadilisha uzi mmoja mmoja.